Chuma kinachotaka kupigwa

Kijana wa skrepa aliizunguka ile sahani mara mbili, akaigonga kwa kisigino cha kandambili, kisha akatoa sumaku mfukoni. Ilikuwa sumaku ya spika ya zamani, imefungwa uzi kama hirizi. Akaiteremsha taratibu juu ya chuma. Haikushika. Akaisogeza ukingoni, ikashika kidogo, ikateleza, ikaangukia mchangani. Akanitazama kama mtu aliyepewa noti ya bandia.

"Mzee wangu, hiki si chuma."

"Ni chuma. Feleji kabisa."

"Stenlesi?"

"Siyo stenlesi."

"Basi sikichukui. Bosi atanikata hela yangu."

Tulikuwa Gerezani, Dar es Salaam, jua la saa saba mchana. Nyuma yangu kirikuu cha kukodi kilikuwa kimelalia matairi kwa uzito, maana sahani ile ilipakiwa na wanaume wanne kule Lugoba na ilikuwa inasubiri wanaume wanne wengine waishushe. Ilikuwa sahani ya taya la krasha, ile mashine ya kuvunjia mawe yawe kokoto. Matuta yake yalikuwa yamelika upande wa chini mpaka yamekuwa bapa, yanang'aa kama sufuria ya mama lishe. Niliinunua kwa bei ya chakavu kwa sababu za kumbukumbu tu, halafu mke wangu akaniuliza nitaiweka wapi, nikakosa jibu.

Kijana sikumlaumu. Katika biashara yake sumaku ndiyo hakimu: inatenga alumini na bati, shaba na msumari. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba iko feleji isiyo stenlesi inayoikataa sumaku: feleji ya manganisi, yaani chuma cha pua kilichochanganywa na metali iitwayo manganisi. Mimi feleji hiyo iliniumbua vibaya zaidi, na nilikuwa na cheti cha ufundi mfukoni.

Ilikuwa mwezi wangu wa pili kwenye machimbo ya kokoto, ule ukanda wa Lugoba kwenye barabara ya Chalinze kwenda Segera, ambako malori ya kokoto hayakauki. Ililetwa sahani mpya ya taya, na tundu lake moja la boliti halikuoana na tundu la fremu. Tofauti yenyewe haikuzidi upana wa kidole gumba. Nikaambiwa, fundi, panua hilo tundu tufunge, lori ziko foleni.

Nikafunga drili. Biti ya kwanza ikalia, ikafuka moshi, ncha ikawa ya bluu. Nikasema hizi ni biti feki, nikaomba nyingine. Ya pili ikazunguka palepale, ikaacha duara linalong'aa kama kioo, shimo hakuna. Nikaiegemea drili kwa uzito wangu wote. Kadiri nilivyokandamiza, ndivyo pale mahali palivyozidi kukataa. Ya tatu ikakatika.

Mzee wetu wa karakana alikuwa amekwenda msibani. Nikachukua gesi, nikakata kwa moto. Tundu likapanuka vizuri, chuma kimewiva rangi ya pilipili kuzunguka pale. Hapo nikakumbuka mafundisho ya baba mdogo, mhunzi wa kijijini kwetu: chuma cha moto usikimwagie maji kama hutaki kipasuke; kifukie kwenye majivu, kipoe chenyewe. Nikafukia kwa majivu na mchanga mkavu, nikaenda kulala nikiwa na amani.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, sahani ilipasuka kuanzia kwenye lile tundu hadi ukingoni, kwa mlio uliomfanya dereva wa kijiko aruke chini na kukimbia. Krasha ikasimama siku mbili. Mzee aliporudi nilimkuta amechuchumaa mbele ya ule mpasuko, anaupapasa kwa kidole.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani kaipasha moto?"

"Mimi, Mzee."

"Ukaipoza na nini?"

"Majivu. Usiku kucha."

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hii ungeimwagia maji."

Nilidhani ananikejeli. Kila nilichofundishwa, nyumbani na chuoni, kilisema kinyume. Ilinichukua miaka, na hadubini ya maabara ya chuo nilikokwenda baadaye, kuelewa kwamba Mzee alikuwa amenipa darasa zima kwa sentensi moja.

Tuanze na chuma chenyewe. Atomi za chuma cha baridi zimejipanga kama makasha: nane kwenye pembe, moja katikati ya kasha. Kipashe moto kipite 912°C, zinajipanga upya: bado iko moja kila pembe, lakini sasa zile za ziada zinakaa katikati ya kila uso wa kasha. Mpangilio huu wa pili unaitwa austenaiti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen. Katika chuma tulichozoea, austenaiti ni mgeni wa motoni tu. Moto ukishuka, anaaga. Ukikipoza kwa maji ghafla, na kikiwa na kaboni ya kutosha, atomi zinakosa muda wa kuagana vizuri. Zinabanana katika mpangilio uliopinda uitwao martensaiti, ambao ni mgumu sana na mwepesi kuvunjika. Hapo ndipo patasi inapopata makali yake, na ndipo hofu ya baba mdogo juu ya maji inapotoka.

Manganisi humzuia mgeni asiondoke. Tia asilimia 12 hivi ya manganisi, na kaboni kama asilimia 1.2, yaani karibu sehemu kumi kwa moja, kisha poza haraka, na feleji itabaki na mpangilio wa motoni hata ukiwa umeishika kwa mkono mtupu. Austenaiti haivutwi na sumaku. Kijana wa Gerezani hakukosea kipimo, ila jibu lake lilikuwa na maelezo ambayo hakuwa nayo. Hata pale ukingoni palipovuta kidogo pana sababu: sahani ikikaa ndani ya tanuru, ngozi yake ya juu huunguzwa ikapoteza kaboni na sehemu ya manganisi, na ngozi hiyo iliyofukarishwa hugeuka martensaiti ikipozwa. Ule ukingo haukuwahi kuguswa na mawe, kwa hiyo ngozi ilikuwa bado ipo. Kwa uzi na sumaku ya spika, kijana alikuwa ameigusa.

Aliyeigundua feleji hii ni Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu anayefanya kazi kwenye kiwanda cha baba yake cha kusubu chuma. Manganisi haikuwa ngeni kwa wafua feleji wa wakati ule. Tangu 1856 Robert Mushet alikuwa ameonyesha kwamba manganisi kidogo huiponya feleji ya tanuru la Bessemer, kwa kuwa inaondoa oksijeni na kuifunga salfa isilegeze mipaka ya punje, zile fuwele ndogo zinazounda chuma, wakati chuma kikifuliwa cha moto. Lakini wote waliojaribu kuongeza walikutana na ukuta: ikifika asilimia tatu, nne, tano, feleji inakuwa kama kigae, ukiipiga inavunjika. Wakaacha hapo, na ni nani angewalaumu? Hadfield akaendelea, akapita saba, akapita kumi. Na kule ng'ambo, ambako kila mtu aliamini hali itazidi kuwa mbaya, akakuta chuma kinachopinda bila kukatika, kisichotobolewa, kisichovutwa na sumaku, na ambacho kikizamishwa majini kikiwa chekundu kinazidi kuwa shupavu badala ya kupasuka. Aliandikisha hataza mwaka uliofuata.

Ninapenda sana historia hii kwa sababu ya ule ukuta. Tunafundishwa kwamba ukiona jambo linaharibika kadiri unavyoongeza, uache kuongeza, na mara nyingi ndiyo busara. Hadfield alikuwa na ferromanganizi, mchanganyiko wa chuma na manganisi, nzuri ya kutosha mkononi, alikuwa na tanuru la baba, na nadhani alikuwa na ukaidi wa kijana asiyelipia makaa.

Sasa yale majivu yangu. Feleji hii ikipoa polepole, kaboni haitulii ndani ya austenaiti. Inahama kwenda kwenye mipaka ya punje, inaungana na chuma na manganisi, na kuunda kabaidi, ambayo ni ngumu na haina uvumilivu hata kidogo. Nilipoiona mara ya kwanza chini ya hadubini nilikaa kimya. Unachukua kipande, unakisugua mpaka king'ae, unakipangusa kwa tindikali ya nitriki iliyozimuliwa kwa spiriti, kisha unachungulia. Sahani iliyotendewa haki inaonyesha punje kubwa, safi, zenye pembe, kama sakafu ya vigae iliyotoka kufutwa. Kipande cha sahani yangu, ambacho nilikuwa nimekitunza miaka yote ile, kilionyesha sakafu hiyohiyo lakini kila mshono kati ya kigae na kigae umejazwa uzi mweusi, nao haukukatika popote. Ufa haukuhitaji kutafuta njia. Nilikuwa nimeuchorea ramani kwa majivu.

Kwa hiyo kiwandani mambo huenda hivi: sahani inasubiwa, inatoka kwenye kalibu ikiwa na nyuzi hizo nyeusi, dhaifu kama chungu kibichi. Inapashwa moto upya, polepole, maana joto husafiri ndani yake kwa uvivu, kama robo tu ya kasi ya chuma cha kawaida, huku ikitanuka kwa karibu mara moja na nusu ya chuma hicho. Ukiharakisha, nje inatanuka ndani hakuna habari, inapasuka kabla hujaitumia. Ikifika kati ya 1000°C na 1100°C inakaa humo mpaka kabaidi zote ziyeyuke na kurudi ndani ya austenaiti. Kisha inatolewa haraka na kutumbukizwa kwenye dimbwi la maji baridi yanayochafuka. Mhunzi wa kwetu angefunga macho. Na uvivu uleule wa joto ndio unaoweka mpaka wa unene: sahani nene mno, moyo wake unachelewa kupoa, na nyuzi zinarudi zikajificha katikati ambako fundi hawezi kuziona mpaka siku ya msiba.

Ndiyo maana kanuni ya karakana ni kali kuhusu kuchomelea. Ukiipasha feleji ya manganisi ukapita kama 300°C na kuikalisha hapo, kabaidi zinaanza kuota upya. Chuma kingine kinene tunakipasha moto kwanza ndipo tuchomelee, hiki hapana. Unachomelea kipande kifupi, unaacha, unahamia pengine, unarudi pakiwa pamepoa kiasi cha kuwekeka mkono. Mzee alikuwa akimwagia maji pembeni ya mshono wake, huku akigonga nyundo taratibu juu ya mshono wenyewe ili mvuto wa kusinyaa upungue. Vijana wapya walimcheka. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kucheka.

Jambo moja alilolipuuza, kama mafundi wengi wa rika lake, ni moshi. Moshi wa kuchomelea feleji hii umebeba manganisi, na manganisi ikivutwa miaka mingi huharibu ubongo: mikono inatetemeka, uso unakuwa kama kinyago, hatua zinafupika. Daktari Couper aliyaandika haya Glasgow mwaka 1837 kwa wafanyakazi waliokuwa wakisaga madini ya manganisi. Ni habari ya zamani kuliko feleji yenyewe, na bado nawaona watu wamejifunga kitambaa cha kanga puani wakisema kinatosha. Hakitoshi.

Turudi kwenye neno "ngumu", kwa sababu ndilo linalowapotosha wanunuzi. Kiswahili kinaliachia kazi nyingi mno. Kioo ni kigumu: hukikwaruzi kwa kucha. Lakini kidondoshe. Katambuga, vile viatu vya tairi, unavibonyeza kwa kidole vinabonyea, lakini vitakuzika. Mafundi tunahitaji maneno mawili: ugumu kwa kile kinachokataa kubonyezwa na kukwaruzwa, ushupavu kwa kile kinachokataa kuvunjika. Feleji ya manganisi ikitoka dukani ni shupavu sana, lakini si ngumu. Kwenye kipimo cha Brinell, ambamo unakandamiza kigololi juu ya chuma na kupima shimo lililobaki, inasoma kama 200. Chuma laini cha nondo na mabomba hakiko mbali sana chini ya hapo. Ukiambiwa namba hiyo tu, hutaelewa kwa nini ilizila biti zangu tatu.

Siri iko kwenye kupigwa. Ipige kweli, kwa mawe ya granaiti yanayobanwa kati ya mataya mawili, na uso wake unapanda: 300, 400, ukafika 500 na zaidi. Kina cha ugumu huo ni milimita chache tu. Chini yake feleji imebaki ileile ya 200, laini, inayopokea kishindo bila kupasuka. Ngozi ya juu ikilika, ile ya chini yake inapigwa na kuwa ngumu kwa zamu yake. Sahani inaendelea kujivika ngozi mpya mpaka iishe yote. Biti zangu zilikuwa zikifanya kazi ya mawe: kila nilipokandamiza bila kukata, nilikuwa naufua uso.

Ndani ya punje kinachotokea ni hiki. Chuma kikibonyea, tabaka za atomi huteleza juu ya nyingine, lakini hazitelezi zote kwa pamoja. Umewahi kusogeza mkeka mkubwa uliolala sakafuni? Huuvuti wote, unatengeneza mkunjo upande mmoja na kuusukuma mpaka utokee upande wa pili. Ndani ya chuma mikunjo kama hiyo ipo kwa mamilioni, na kusafiri kwake ndiko kubonyea. Katika feleji ya manganisi mikunjo inapata shida mbili. Kwanza, atomi za kaboni zilizojaa katikati ya manganisi zinaishika miguu. Pili, na hapa ndipo utamu ulipo, punje ikizidi kubanwa inaanza kugawanyika vipande vyembamba ambavyo mpangilio wake ni kioo cha mpangilio wa jirani: kushoto kwa huyu ni kulia kwa yule. Wataalamu wanaviita pacha. Kila mpaka kati ya pacha na pacha ni ukuta ambao mkunjo hauwezi kuuvuka kirahisi. Kadiri unavyopiga, kuta zinaongezeka, vyumba vinakuwa vidogo, mikunjo inakwama. Chini ya hadubini, ile sakafu safi ya vigae sasa imechorwa mistari mingi sambamba, kila kigae na mwelekeo wake, kama ukili uliosukwa kwa mikono tofauti.

Zamani walidhani kupigwa kunaigeuza austenaiti kuwa martensaiti, na hata leo utalisikia hilo kwa wauza vipuri. Lilikuwa wazo la akili, lakini eksirei zilipopigwa kwenye feleji ya mchanganyiko wa kawaida zilikuta austenaiti imekaa palepale. Sumaku inakubali pia: ule uso wa sahani yangu uliopigwa na mawe mpaka ukang'aa ndiyo sehemu iliyoikataa kabisa.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote. Ukivuta fimbo ya chuma cha kawaida mpaka ikatike, kabla ya kukatika inafanya kiuno: sehemu moja inakonda, na kifo kinatokea hapo. Vuta fimbo ya feleji ya manganisi. Popote inapoanza kukonda, papo hapo inakuwa ngumu, na mvuto unahamia mahali pengine palipo laini bado. Pale napo panakuwa pagumu, unahama tena. Fimbo inarefuka yote kwa usawa, zaidi ya theluthi ya urefu wake, bila kiuno, kisha inakatika kwa ghafla kama iliyokata tamaa.

Hayo yote ndiyo yaliyonigombanisha na mteja mmoja, mwenye biashara ya mchanga wa mtoni. Alinunua meno ya manganisi kwa ajili ya kijiko chake kwa bei ya kuumiza, yakaisha mapema kuliko yale ya kawaida. Akanipigia simu kwa hasira: nimeuziwa feki. Nikaenda na kipima ugumu cha mkononi, nikapima jino lililolika. Lilisoma 230. Halikuwa feki, ila lilikuwa halijapigwa. Mchanga haupigi, mchanga unasugua. Unapita juu ya chuma kama msasa, unachukua kidogo kidogo, na hautoi kamwe kile kishindo cha kuwaamsha pacha. Kwenye kazi hiyo feleji ya manganisi ni chuma laini kilichouzwa ghali. Angenunua chuma cheupe chenye kromiamu nyingi, kigumu tangu kuzaliwa, ambacho kwenye krasha yangu ya Lugoba kingepasuka vipande kabla ya chai ya saa nne. Sikuweza kumshawishi. Kwake manganisi ni ngumu, kila mtu anajua manganisi ni ngumu, basi mjadala umeisha.

Na hata inapotumika mahali pake ina vituko. Kwa kuwa inabonyea kabla haijawa ngumu, sahani mpya za taya hutanuka, zinakaba fremu na boliti zake, na usipoacha nafasi utazitoa kwa matusi. Fundi mzuri wa krasha huigeuza sahani juu chini nusu ya maisha yake, maana chini ndiko kokoto hubanwa zaidi. Kwenye makutano ya reli, pale gurudumu linaporuka ufa kati ya reli moja na nyingine, chuma cha manganisi kimetumika tangu karne ya kumi na tisa kwa sababu kishindo kipo cha kutosha. Lakini kikiwa kipya kingo zake hufurika pembeni kama unga wa maandazi, na mafundi wa njia lazima wazisage kwa grenda. Zipo reli zisizotaka kusubiri magurudumu yafanye kazi hiyo. Wanatandaza karatasi ya baruti juu ya kipande kipya na kuilipua, uso ukazaliwa ukiwa mgumu.

Jeshi la Uingereza nalo liliingia kwenye hesabu hii. Kofia ya chuma ya John Brodie ya mwaka 1915 ilianza na chuma laini, kisha ikahamishiwa feleji ya Hadfield ya manganisi asilimia 12, ambayo ilikuwa ikibonyea na kugoma kupenywa. Fikiria kichwa kikiwa chini ya hiyo.

Huku kwetu madini yenyewe tuna jirani yake. Kisenge, magharibi ya Katanga katika mkoa ambao leo ni Lualaba, ilichimba manganisi na kuipakia reli ya Benguela kwenda bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoikata njia hiyo mwaka 1975. Mlima wa madini ukabaki bila treni. Ninapoona sahani za taya zikishuka bandarini Dar kutoka mbali huwa nawakumbuka watu wa Kisenge, ingawa najua kati ya jiwe la manganisi na sahani kuna tanuru la ferromanganizi, umeme mwingi, na lile dimbwi la maji baridi.

Basi pale Gerezani tulibishana mpaka bosi wake akatoka. Mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa waya. Hakutoa sumaku. Aliinama, akaangalia matuta yaliyolika, akasema, "Manganisi hiyo. Sichukui pamoja na nyingine, itaniharibia lori zima kiwandani." Nikaona mtu anayejua kazi yake. Kununua hakununua, lakini aliniuliza kama naweza kuiacha. Vijana wake wananyoosha nondo za majengo yaliyobomolewa, na kipande cha reli wanachotumia kama fuawe kimepasuka.

Tukaishusha, matuta chini, mgongo wake bapa juu. Mgongo huo haujawahi kuguswa na jiwe hata moja.

Nilipita tena baada ya miezi mitatu. Kijana yule alikuwa anapiga nondo, jasho linamtoka, na katikati ya sahani pamekuwa bonde dogo linalong'aa. Akanilalamikia kwamba mwanzoni chuma changu kilikuwa kinabonyea kama sabuni, wakanicheka sana.

"Na sasa?"

Akainua nyundo akaiachia ianguke kwa uzito wake tu, pale penye bonde. Ikadunda ikarudi juu karibu na kiganja chake. Akafanya hivyo mara ya pili, ananitazama mimi, haitazami nyundo.